Usisubiri nati ifike mwisho: Jinsi ya kubadilisha shuu na pedi za breki ya pikipiki nyumbani

Na MWANDISHI WETU

BREKI ya pikipiki ni nadra kufa ghafla. Huisha nguvu kidogo kidogo, siku baada ya siku, hivi kwamba mwendeshaji huuzoea udhaifu wake jinsi mtu anavyouzoea mlango unaokwaruza sakafu. Leo kanyagio limeshuka zaidi kuliko juzi. Kesho nati ya kurekebishia inakazwa mizunguko miwili na mambo yanaonekana kurejea hali ya kawaida. Wiki kadhaa baadaye nati hiyo haina tena mahali pa kukazwa, na hapo ndipo hila huanza.

Hila inayojulikana sana vituoni ni ya kuufungua ule mkono mfupi wa chuma ulio kando ya gurudumu, ambao huvutwa na waya au fito ya breki, kuuhamisha kwa meno mawili au matatu, kisha kuufunga upya. Papo hapo breki hushika. Mwenye pikipiki humshukuru fundi, hulipa, na kurejea barabarani na abiria wake. Kumbe hakuna kilichotengenezwa. Akiba ya mwisho ya breki hiyo ndiyo imetumika, na zamu ijayo huenda kukawa hakuna kitu cha kuhamisha.

Wapo pia wanaokata vipande vya bati na kuvisokomeza ndani ili shuu zilizokwisha zifikie dramu. Kuhusu hao hakuna la kusema ila kwamba bati huweza kuchomoka, na linapochomoka huwa limo ndani ya gurudumu linalozunguka.

Yote haya hufanywa kuepuka gharama ya jozi ya shuu ambayo, kwa pikipiki nyingi zinazotumiwa katika biashara ya bodaboda, ni shilingi mia chache tu. Kazi yenyewe huhitaji vifaa vichache, na mtu aliyewahi kuifanya mara moja huimaliza kwa takriban saa moja uani mwake. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya na, la muhimu zaidi, mahali ambapo kosa dogo katika kazi hii huwa kubwa.

SHUU SI PEDI

Kwanza tukubaliane kuhusu majina, kwa maana yameleta hasara. Madukani, kila kinachosimamisha pikipiki kimekuwa kikiitwa 'breki pedi'. Mteja huagiza pedi, huletewa pedi, na anapofika nyumbani hugundua kwamba pikipiki yake haina hata mahali pa kuzitia.

Pedi hutumika kwenye breki za diski. Hizi hutambulika kwa sahani nyembamba ya chuma inayong'aa, iliyo wazi kando ya gurudumu. Pedi mbili huibana sahani hiyo kutoka pande mbili, kama vidole viwili vinavyobana sarafu. Aghalabu diski hupatikana kwenye gurudumu la mbele la pikipiki za bei ya juu kidogo.

Pikipiki nyingi za bodaboda nchini zina breki za dramu, mbele na nyuma, na hizi hutumia shuu. Dramu ni ule mvungu wa mviringo ulio ndani ya kitovu cha gurudumu. Humo hukaa shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zikitazamana, zikiwa zimeshikanishwa kwa springi mbili. Upande mmoja zimeegemea pini isiyosonga. Upande wa pili zimebana chuma bapa ambacho mafundi hukiita kemu. Ukikanyaga breki, mkono wa nje huizungusha kemu, kemu huzitanua shuu, nazo husugua ukuta wa dramu hadi gurudumu lisimame.

Ukiielewa kemu, utaelewa kwa nini hila tuliyoitaja ni hatari. Shuu zinapokuwa nene, kemu hugeuka kidogo tu na tayari zimegusa dramu. Kadiri zinavyoliwa ndivyo inavyolazimika kugeuka zaidi, hadi inakaribia kusimama wima kabisa katikati yake. Ikishafika hapo, kuigeuza zaidi hakuongezi upana wowote. Mbaya zaidi, yaweza kupita wima na kukwama. Mwendeshaji aliyekanyaga kwa nguvu ili asimame hujikuta breki imeshika na haitaki kuachia, na gurudumu la nyuma linaburutika.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Watengenezaji wengi huweka mshale mdogo kwenye shina la kemu na alama kwenye sahani inayofunika dramu. Kanyaga breki hadi mwisho, au mwombe mtu akukanyagie, kisha utazame. Mshale ukilingana na alama hiyo, shuu zimekwisha. Katika pikipiki zilizokaa barabarani miaka mingi, mshale huu mara nyingi umefunikwa na matope na grisi, na si ajabu mwenyewe hajawahi kuuona.

Pasipo mshale, tazama nati ya kurekebishia. Ikiwa imekaribia mwisho, usiikaze tena, fungua gurudumu. Lainingi, yaani ule utando mgumu uliogandishwa kwenye shuu, haifai kutumika ikishafika unene wa takriban milimita 2. Kwa pedi za diski, nyingi huwa na mfereji uliochongwa katikati. Mfereji ukitoweka, pedi zimekwisha, hata kama bado zinashika.

Kelele pia husema. Mlio wa chuma kusugua chuma maana yake ni kwamba lainingi imeisha na sasa unaikata dramu yenyewe, au diski, ambayo bei yake haifanani hata kidogo na ile ya shuu.

Hebu tuone maana ya breki dhaifu kwa hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao si mwendo wa kasi, pikipiki husafiri mita 11 kila sekunde. Breki nzuri kwenye lami kavu zikishaanza kushika, itahitaji takriban mita 12 kusimama. Nguvu ya breki ikipungua kwa nusu, umbali huo huwa mita 25 hivi. Tofauti iliyopo ni karibu urefu wa basi. Mtoto aliyekurupuka kutoka nyuma ya matatu iliyoegeshwa huwa yumo ndani ya tofauti hiyo.

KINACHOZIMALIZA

Shuu za pikipiki mbili zinazofanana zaweza kutofautiana umri kwa miezi. Matope na vumbi la murram huingia ndani ya dramu na kufanya kazi ya msasa. Mzigo nao huchangia: sheria inaruhusu abiria mmoja, lakini sote tunajua tunayoyaona, watu watatu na gunia juu ya tangi. Kisha kuna mwendeshaji asiyeondoa mguu kwenye kanyagio, akasafiri kutwa breki ikiwa imegusa kidogo.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni mteremko. Chukua barabara inayotoka Iten kuelekea Kabarnet kupitia Tambach. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Pikipiki, mwendeshaji, abiria mmoja na gunia la mahindi pamoja waweza kufika kilo 300. Kuuteremsha uzani huo mita 1,000 hutoa nishati ambayo, ikigeuzwa yote kuwa joto, yatosha kuchemsha karibu lita tisa za maji baridi. Swali ni joto hilo litakwenda wapi. Gia ya chini ikiwa imeingia na injini inanguruma, sehemu kubwa humezwa na injini. Lakini wako wanaozima injini na kuteleza tu ili kuokoa petroli. Hao huikabidhi kazi yote kwa shuu na hewa inayopita. Dramu ikipata moto kupita kiasi, lainingi hupoteza ukali wake na breki huwa kama imepakwa sabuni, mara nyingi kwenye kona za chini ambako mwendo umeshaongezeka.

Shuu zilizoungua hivyo hutambulika mara tu gurudumu linapofunguliwa: uso wake humeremeta kama kioo na mara nyingine huwa na nyufa. Hata zikiwa nene, zibadilishe.

UNUNUZI

Nenda dukani na shuu kuukuu mkononi. Kutaja jina la pikipiki pekee hakutoshi, kwa maana modeli moja yaweza kuwa imetoka na dramu za vipimo tofauti katika miaka tofauti. Mweleze muuzaji akupe jozi, uzilinganishe na zako moja baada ya nyingine: upana, mpindo, tundu la pini, na uso bapa unaokutana na kemu. Kama shuu mpya ni pana kuliko kuukuu kwa milimita moja tu, sahani huenda isifunge.

Itazame lainingi pembeni, pale inapokutana na chuma. Gundi iwe imeenea sawasawa, pasiwe na ufa wala pengo ambalo ukucha waweza kuingia. Kuna shuu zinazouzwa kwa bei ya chini sana ambazo ni chuma kuukuu kilichobandikwa lainingi upya vichochoroni. Ukiwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako maduka ya vipuri yamepangana, hutakosa la kulinganisha, na hakuna haja ya kukubali la kwanza. Nunua na springi ikiwa haziji pamoja na shuu, kwani springi iliyolegea huziacha shuu zikisugua dramu muda wote.

KAZI YENYEWE: GURUDUMU LA NYUMA

Subiri pikipiki ipoe. Isimamishe kwa stendi kuu mahali palipo sawa na pagumu, ikiwezekana penye saruji, na uweke jiwe mbele ya gurudumu la mbele. Andaa spana zinazotosha nati za ekseli, koleo, bisibisi, msasa, kitambaa kilicholowa, grisi ya kustahimili joto, na sufuria kuukuu ya kuwekea nati zisipotee nyasini. Simu yako pia ni kifaa: piga picha ya kila hatua kabla ya kufungua, maana utakapokuwa ukirejesha hutakumbuka ile bushi fupi ilikuwa upande upi.

Anza kwa kufungua nati ya kurekebishia iliyo nyuma ya fito ya breki, uichomoe fito na uhifadhi springi yake. Kisha fungua ule ufito mnene wa chuma unaoiunganisha sahani ya breki na chesisi au mkono wa nyuma wa pikipiki. Mara nyingi nati yake imezuiwa kwa pini. Ufito huu tutaurejelea. Tazama alama za kukazia mnyororo, pande zote mbili, na uandike ziko kwenye mstari wa ngapi. Legeza nati ya ekseli, ichomoe ekseli, na usukume gurudumu mbele ili mnyororo utoke kwenye meno. Katika baadhi ya pikipiki meno ya mnyororo hubaki mahali pake na gurudumu hutoka peke yake, jambo ambalo huirahisisha kazi.

Sahani ya breki itachomoka ikiwa na shuu zake. Usipulize vumbi lililomo, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani. Nyingi za siku hizi hazina, lakini kwa kitu kisicho na maelezo huwezi kujua kwa kukitazama. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kitupwe, kisirudi jikoni.

Kuzitoa shuu hakuhitaji bisibisi. Zishike zote mbili kwa mikono, zilizopinda nje, na uzikunje kuja kwako kama mtu anayefunga kitabu. Springi zitalegea na zote zitatoka pamoja. Weka vidole mbali na sehemu ya katikati. Springi hizo huuma.

Sasa itazame dramu kabla ya kufikiria shuu mpya. Iwapo kuna unyevu wa mafuta au grisi ndani, tafuta ulikotoka kwanza, la sivyo shuu mpya zitaharibika siku hiyo hiyo. Pitisha ukucha kwenye ukuta wake. Mikwaruzo midogo ni ya kawaida na hulainishwa kwa msasa. Mifereji inayokamata ukucha, au ukingo ulioinuka kandokando, ni dalili kwamba dramu yenyewe imeliwa. Pikipiki nyingi huwa na kipimo cha mwisho cha kipenyo kilichochongwa humo humo ndani. Dramu ikishapita hapo, hata shuu mpya huilazimu kemu kugeuka kupita kiasi, na tunarudi kwenye balaa tulilolieleza mwanzoni.

Kisha kemu. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Izungushe kwa kuuvuta mkono wa nje. Iende na kurudi bila kukwaruza. Ikiwa nzito, ichomoe, uipanguse kutu kwa msasa, uipake grisi shinani na uirejeshe. Kabla ya kuuondoa mkono, weka alama ya mstari unaovuka mkono na shina ili urejee kwenye jino lile lile. Kama ulinunua pikipiki hiyo mkononi na hujui waliotangulia waliufanyia nini mkono huo, mara nyingi utapata kinukta kilichogongwa kwenye shina na kingine kwenye mkono. Vikutanishwe. Weka grisi nyembamba kwenye uso wa kemu na kwenye pini ya upande wa pili, kisha upanguse inayobaki. Nyembamba maana yake ni kama ya kupaka midomo. Grisi ikiyeyuka ikafika kwenye lainingi, kazi yote ni bure.

Shuu mpya huingia kwa njia ile ile zilivyotoka kuukuu: zifungie springi zote mbili zikiwa mezani, zikunje kama kitabu kilichofunguliwa nusu, weka ncha zake kwenye pini na kemu, kisha uzikandamize zilale. Hakikisha ndoano za springi zimeingia kabisa matunduni. Mikono iwe safi, bila grisi.

UFITO USIOPASWA KUSAHAULIKA

Rejesha sahani ndani ya dramu, gurudumu mahali pake, bushi kila moja upande wake, mnyororo kwenye meno, na ekseli. Usikaze bado. Sasa urudie ule ufito mnene.

Kazi yake ni kuizuia sahani ya breki isizunguke. Unapokanyaga breki, gurudumu hujaribu kwa nguvu zake zote kuiburuta sahani pamoja nalo, na kinachoizuia ni ufito huo pekee. Ukisahaulika, au ukafungwa kwa nati isiyo na pini, breki itaonekana nzima pikipiki ikiwa imesimama. Siku utakapoikanyaga kwa nguvu, sahani itazunguka, itaikunja fito ya breki, na gurudumu laweza kukwama kabisa. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa baya kuliko yote yawezayo kufanywa katika kazi hii, na ni la kusahau tu, si la kutojua. Funga ufito huo, weka pini mpya, na uiguse kwa kidole kabla ya kuendelea. Waya wa kufungia miti haukubaliki mahali pa pini.

Baada ya hapo rejesha fito ya breki na nati yake. Mtu akanyage breki na kuishikilia wakati wewe unakaza nati ya ekseli. Kwa njia hiyo shuu hujipanga katikati ya dramu, na kutetemeka kwa kanyagio ambako wengi hulaumu shuu mpya hakutatokea. Rejesha mnyororo kwenye alama zile zile pande zote mbili.

Kurekebisha ni kwa mkono na sikio. Kaza nati hadi usikie shuu zikigusa dramu gurudumu linapozungushwa, kisha ulegeze kidogo kidogo hadi gurudumu lizunguke huru. Kwa pikipiki nyingi, kanyagio linapaswa kushuka kama milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kushika; kitabu cha pikipiki kitakupa kipimo kamili. Anayetaka breki iliyo 'juu juu' kabisa hujiletea shuu zinazosugua daima. Angalia pia taa ya breki: swichi yake hufuata kanyagio, na baada ya kazi hii yaweza kuwaka daima au isiwake kamwe.

GURUDUMU LA MBELE

Ya mbele ni rahisi zaidi kwa kuwa haina mnyororo. Mambo mawili tu ya kuangaliwa. Sahani ya mbele katika pikipiki nyingi haina ufito. Badala yake ina mfereji ambao lazima uingie kwenye kinundu kilicho kwenye mguu wa mbele wa pikipiki. Ukikosa kuingia, hatari ni ile ile tuliyoieleza, ila sasa ni gurudumu la mbele linalokwama na mwendeshaji ndiye anayeruka. La pili ni ile gia ndogo ya kuendeshea mita ya mwendo iliyo ndani ya kitovu: masikio yake yakae kwenye nafasi zake, yasibanwe.

Wahudumu wengi huipuuza breki ya mbele kwa kuogopa kuanguka, na kwenye murram iliyolegea hofu hiyo ina msingi. Lakini unapofunga breki uzani wote huinamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha pikipiki kwenye lami. Kubadilisha shuu za nyuma na kuacha za mbele zimekufa ni nusu ya kazi.

PEDI ZA DISKI

Hapa gurudumu halitolewi. Tatizo la breki ya diski liko kwenye mafuta. Pedi mpya ni nene, kwa hivyo pistoni iliyo ndani ya kalipa lazima irudishwe nyuma, nayo ikirudi husukuma mafuta kuelekea kwenye kijikopo kilicho kwenye usukani. Panguse kifuniko chake kwanza, ukifungue, uweke kitambaa kuzunguka, kwa kuwa mafuta ya breki huharibu rangi. Yakikaribia kufurika, yapunguze.

Fungua skurubu zinazoshika kalipa, itoe kwenye diski, chomoa pini ya pedi na uzitoe zote mbili. Usibonyeze breki wakati huu. Pistoni yaweza kutoka nje kabisa. Safisha mahali pedi zinapotelezea, kisha irudishe pistoni polepole kwa kidole gumba au kwa kipande cha mbao. Tia pedi mpya, pini yake, na ufunge kalipa. Uso wa pedi na wa diski usiguswe na vidole vyenye mafuta.

Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, bonyeza mkono wa breki mara kadhaa hadi uwe mgumu. Pistoni uliyoirudisha iko mbali na pedi, na mibonyezo ya kwanza itakuwa mitupu kabisa. Mtu anayesahau hili hugundua anapofika mwisho wa ua wake kwamba hana breki. Baada ya hapo tazama kiwango cha mafuta kati ya alama mbili na ufunge kifuniko. Ukihitaji kuongeza, tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa karibuni. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za selisiasi, lakini ikishanywa maji kiwango chaweza kushuka hadi nyuzi 155, na mafuta yanayochemka ndani ya mpira wa breki huacha mkono ukiwa laini kama sifongo.

Mkono ukibaki laini hata baada ya kubonyezwa mara nyingi, kuna hewa ndani. Ukiona mafuta yakichuruzika kando ya pistoni, mpira wake umekufa. Katika hali hizo mbili, na kwa pikipiki yoyote yenye mfumo wa ABS ambao huuelewi, iache pikipiki nyumbani na umwite fundi aliye na vifaa. Isiendeshwe kupelekwa kwake. Isukumwe au ibebwe.

KABLA YA ABIRIA WA KWANZA

Jaribu kwanza uani ukiwa umeishika pikipiki kwa mkono, injini imezimwa: isukume, ufunge breki ya nyuma peke yake, kisha ya mbele peke yake. Zote zisimamishe, zote ziachie. Ndipo upande, uende kwa mwendo wa mtu anayetembea, na urudie. Baadaye tafuta barabara tulivu isiyo na mteremko, ufikie kilomita 30 kwa saa, na upunguze mwendo polepole bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, ukiacha nafasi ya breki kupoa kati ya moja na nyingine.

Shuu au pedi mpya hazijalingana na uso zinaousugua, na kwa kilomita mia za kwanza hazitashika kwa nguvu zake zote. Siku hiyo usichukue abiria wa kuteremka mlimani. Jioni, pikipiki ikiwa imesimama, weka mkono karibu na kila kitovu bila kugusa. Ikiwa kimoja kinatoa joto kali hali hukufunga breki sana, kimekazwa mno. Legeza nati nusu mzunguko na uzungushe gurudumu tena. Baada ya siku tatu au nne, rudia kipimo cha kanyagio, kwa kuwa shuu zitakuwa zimekaa, na uiguse tena ile pini ya ufito.